Lori Lisilonuka

Asubuhi ile mke wangu alikuwa anapanda mlima na lori la mbao. Mimi nilikuwa napiga pasi.

Chumba chetu ni kimoja. Upande wa dirisha ni meza yangu ya pasi na kamba ya mashati ya watu. Upande wa pili ni kitanda, na miguuni pa kitanda ni meza ndogo yenye kompyuta. Alikaa hapo kwenye kiti chake cha magurudumu. Mguu mmoja ulikatwa chini ya goti. Wa pili ulikuwa na kidonda kidoleni, umefungwa bandeji. Lori lilikuwa ndani ya kompyuta. Ni mchezo. Chai yake ilikuwa imepoa pembeni.

"Kuna inzi kwenye chai yako," nilimwambia.

"Amelipa nauli?"

"Imwage hiyo, mama."

"Nimwage chai kwa sababu ya inzi? Atakuwa amekunywa kiasi gani, na tumbo lenyewe lile?"

Alimtoa kwa kidole, akanywa.  Nikageuka, nikaendelea na kola.

Lori lilipanda bila kukwama. Mvua ikapiga kwenye kioo, wipa zikapangusa, watu wakasimama kando ya barabara na miavuli. Alifika kileleni, akaegesha, akapiga honi. Kisha nikamvalisha koti twende zahanati akabadilishiwe bandeji. Mlangoni aligeuza shingo akaniambia neno. Nikaitikia, nikasukuma kiti. Ilikuwa asubuhi kama nyingine.

Kwenye benchi la zahanati, tukingoja kuitwa, aliniegemea begani. Nilidhani amesinzia. Muuguzi ndiye aliyeniambia.

Mke wangu alikuwa dereva wa lori la taka. Mtaani walimwita Mama Jalala, hata watoto, naye aliitika. Kazini walimwita Gia, maana lori lilikuwa kongwe na gia yake ya pili ilikuwa haingii kwa mtu mwingine. Wengine waliisukuma na kuitukana. Yeye aliibembeleza.

Tulikutanishwa na ovaroli. Aliileta kibandani kwangu imefungwa kwenye gazeti. Niliipokea kwa kijiti.

"Dobi gani anaogopa uchafu?" aliniuliza.

"Ningekuwa siuogopi, ningekuwa dobi?"

Alicheka mpaka akashika nguzo. Safari ya pili akaleta ovaroli mbili.

Nilizifua mpaka alipoacha kazi. Maji ya kwanza meusi. Ya pili ya kahawia, na mafuta yanaelea juu yake kama macho. Kulikuwa na harufu ya samaki, ya vitunguu vilivyooza, ya nepi, na nyingine tamutamu ambayo sikuiuliza. Alinisimulia watu wanatupa nini. Sitaandika. Nitasema tu kwamba wenye mageti marefu ndio wanaofunga mifuko vibaya. Wanajua kwamba si mikono yao itakayoibeba.

Nina kinyaa tangu utotoni. Sishiki pesa chafu ila kwa kitambaa. Kikombe cha mtu mwingine siwezi. Sasa mtu kama mimi akaoa mwanamke kama yule. Wazee wanasema Mungu hakosi mzaha.

Kulikuwa na mtu mwingine mwenye kinyaa kunishinda. Ni shemeji yangu, mdogo wake mke wangu. Ni karani ofisini. Aliyemsomesha ni dada yake, kwa lori lile lile. Akija kwetu alikaa mlangoni, nusu ndani nusu nje, leso puani. Maji yetu hakunywa. Alikuja na chupa yake. Mimi uchafu unanitapisha. Yeye alimchukia dada yake, akasingizia uchafu.

"Dada, bado hujapata kazi ya maana?" alimuuliza kila mara.

"Nimeipata. Nabeba kinyesi chako wewe na mabosi zako," alijibu. "Kaa vizuri basi, hicho kiti hakiumi."

Hakukaa vizuri.

Mguu aliupoteza kwa kipande cha kioo. Kilipenya buti. Alikuwa na sukari, kidonda kikakataa kufunga, kikaanza kutoa usaha, kisha harufu. Nilikuwa nakiosha huku nimegeuza uso, pumzi nimeibana. Siku moja alinitazama akasema, "Dobi, acha kujitesa. Huu umeshaoza. Twende wakautoe." Tukaenda wakautoa.

Baada ya hapo alikaa akitazama ukuta. Hakutania. Inzi aliingia kwenye chai yake na yeye hakumwona. Akisinzia mchana niliona paja linasukuma, linasukuma. Alikuwa anakanyaga breki. Mguu wenyewe haupo.

Hapo ndipo alipokuja Koleo, mpakiaji wake wa miaka yote, mzee mwenzetu. Alibeba kitu ndani ya gunia. Gunia linadondosha maji.

"Usiweke ndani," nilimwambia.

Akaweka ndani.

Ilikuwa kompyuta. Ofisi fulani ilikuwa imeitupa pamoja na viti vibovu. Iliteremka na mzigo wa taka, Koleo akaiopoa kabla haijafukiwa. Kioo chake alikipata siku nyingine, kibodi siku nyingine. Vyote vilikuwa na utelezi. Kibodi ile, ukiigeuza, inamwaga makombo na kucha za mtu. Kucha. Mtu amekaa kazini anakata kucha juu ya kibodi, analipwa mshahara. Nilizifagia kwa kipande cha boksi, nikakichoma moto.

Koleo alichomeka flashi akaingiza mchezo. Barabara ikatokea, usukani ukatokea.

"Gia, huku hakuna haja ya mguu," alisema. "Vidole tu."

Mke wangu aliweka vidole. Lori likasogea. Alikaa wima. Nilimwona anatazama kioo cha pembeni kabla ya kuingia barabarani, kioo cha mchoro, na hakuna mtu wa kumgonga.

"Halinuki," alisema.

"Mungu ashukuriwe," nilisema.

"Ndiyo kasoro yake."

Ilikuwa na kasoro nyingine. Kompyuta ilikuwa kongwe na mchezo ulikuwa mzito. Lori lilikwenda kama mtu mwenye kwikwi. Linakimbia, linasimama, linaruka mbele. Akikata kona, usukani unachelewa, na akija kuona, yuko mtaroni.

"Miaka yote sijagonga hata kuku!" alipiga kelele. "Leo nimegonga basi la shule!"

"Ni mchezo, mama."

"Watoto waliomo humo hawajui kama ni mchezo."

Palikuwa na mlima mmoja katika mchezo ule. Mzigo unaupakia huku, unavuka mlima, unaushusha bandarini. Kila akianza kuupanda, kompyuta inaunguruma, inapata joto, kioo kinakuwa cheusi. Inajizima. Anaanza upya kutoka chini. Nilimwambia achague barabara tambarare, ziko nyingi.

"Tambarare nimeendesha maisha yangu yote," alisema. "Kutoka kwenye mapipa kwenda jalalani, kutoka jalalani kwenda kwenye mapipa. Hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kuungoja mzigo wangu. Walingoja niuondoe. Nataka mara moja tu nipeleke mzigo unaongojwa."

 Nilichukua bisibisi.

Tulifungua ubavu wa kompyuta juu ya gazeti. Ningekuwa na akili ningefungulia nje. Vumbi lilikuwa limeshikana kama blanketi la mgonjwa, kijivu, lina nywele. Mayai ya mende yalipangwa kwenye pembe kama punje. Mende wenyewe, wakubwa kwa wadogo, wengine hai, wakatawanyika kwenye mikono yake. Soda ya mtu ilikuwa imemwagika humo zamani, ikaganda, ikanasa sisimizi. Na kwenye feni, mjusi. Amekauka, mkia umezungushwa kwenye ekseli. Feni ikizunguka, mjusi anazunguka nayo. Ndiyo kelele tuliyokuwa tunaisikia usiku na mchana.

Nilitoka nikatapika uchochoroni. Niliporudi alikuwa amemweka mjusi kwenye kisosi changu.

"Huyu naye alikuwa dereva," alisema.

"Hicho ni kisosi changu!"

"Atakirudisha."

Kisosi nilikitupa. Yeye alisafisha kwa brashi ya viatu na mikono mitupu, anapiga mluzi. Mara ya kwanza kupiga mluzi tangu hospitali.

Chini ya feni kuna pande la chuma, na chini ya chuma ndio moyo wa kompyuta. Kati ya hivyo viwili palikuwa na kitu cheupe kilichokauka, kinapukutika kama ukoko wa kidonda. Alikikwangua kwa ukucha, akakinusa.

"Grisi imekauka," alisema. "Ndiyo maana inapata moto. Dobi, nipe kopo langu."

Chini ya kitanda alikuwa na kopo la grisi ya lori. Alistaafu nalo. Aliyefanya kazi na magurudumu miaka yote, akiona kitu kimekauka kati ya vyuma viwili, ataweka nini kingine? Alipaka. Hakupaka kwa ubahili. Akapaka juu ya moyo, akapaka kwenye ekseli ya feni, akapaka na bawaba kwa wema tu. Akachomeka waya ubavu ukiwa wazi, atazame.

Lori likapanda. Lilifika robo ya mlima, likafika nusu. Kisha grisi ikayeyuka. Ikatiririka kwenye ubao wa kompyuta, ikaanza kutoa moshi, na feni ikaidaka ikairusha. Matone meusi yakaruka chumbani, yakapiga ukuta, yakapiga kitanda. Na kamba ya mashati. Mashati meupe, ya watu, yamepigwa pasi, yanangoja wenyewe.

Nilichomoa waya. Chumba kilinuka grisi ya moto na vumbi la mende lililoungua. Ile harufu. Nilifua ujana wangu wote ili itoke, ikarudi ikakaa juu ya mto wangu.

Nilimgeukia nimtukane. Alikuwa amefumba macho, anavuta hewa kwa pua.

"Sasa linanuka," alisema. "Sasa ni lori."

Nikafungua dirisha. Mashati niliyafua upya yote. Moja lilikataa. Mwenyewe alilikataa pia, nikabaki nalo. Ndilo nililovaa ninapoandika haya, na doa liko kifuani, na linanikera.

Tuliipeleka kompyuta kwa fundi. Aliuangalia ubao, akavaa glovu, akavaa za pili juu yake.

"Nani amefanya haya?"

"Mimi," alisema mke wangu. "Ilikuwa inalia kama beringi."

"Mama, hii si ekseli! Hapa panawekwa dawa yake, tone moja kama punje ya njegere. Wewe umepaka kama unachoma nyama."

"Sasa unacheka au unatengeneza?"

"Vyote."

Aliosha ubao kwa spiriti na mswaki. Mswaki ule aliuweka tena kwenye kikombe pamoja na mingine, na mpaka leo sijui ile mingine ilikuwa ya nini. Kisha akatueleza. Kwanza ram.

"Mzee, ram ni kama meza yako ya pasi. Ikiwa ndogo unapiga shati moja, mengine yanangoja chini. Nitakuongezea meza."

Diski ya zamani ilikuwa inazunguka ikitafuta vitu. Akaitoa, akaweka mpya isiyozunguka. Akaongeza kadi ya picha, ambayo kazi yake ni kuchora barabara tu. Na kwa kuwa kadi inakula umeme, akabadilisha na kisanduku cha umeme. Kadi ilikuwa ya mtumba. Feni zake zilikuwa za manjano kwa moshi wa sigara, zinanata. Nilimwambia hiyo haiingii chumbani kwangu hivyo. Nilikaa kwenye stuli yake na pamba na spiriti, nikafuta kila panga la feni. Pamba zilitoka na rangi ya meno ya mvutaji. Fundi alisema hajawahi kuona mteja kama mimi. Nikamwambia na mimi sijawahi kuona mswaki kama ule.

Mwisho akapunguza uzito wa mchezo wenyewe. Akaondoa vivuli, akaondoa majani, akaondoa mawimbi ya mbali, akaondoa watu wa kando ya barabara.

"Rudisha watu," alisema mke wangu.

"Mama, watu wanalemea. Bila wao linateleza kama siagi."

"Barabara bila watu ni jalala. Rudisha. Toa hata mbingu ukitaka."

Akarudisha watu. Mbingu akaiacha nyeupe tu, kama shuka.

Shemeji alikuja tukiwa tumeshaiunganisha nyumbani. Alisimama mlangoni na leso.

"Kiinua mgongo cha dada mnakitia kwenye takataka?"

"Kwani wewe ulikipangia nini?" nilimuuliza.

 Kisha akaona lori kwenye kioo. Linakwenda laini, kama maji kwenye sinia. Leso ikashuka kidogo kidogo. Akaingia hatua moja. Akaingia ya pili. Miaka yote, na hata siku dada yake alipotoka hospitali bila mguu, hakuingia hivyo. Alivutwa na kompyuta.

"Kumbe inacheza namna hii," alisema. "Wanangu wangeifurahia."

"Waje wacheze na shangazi yao," alisema mke wangu bila kugeuka.

Hawakuja. Baba yao asingewaruhusu. Wangenuka.

Mke wangu alifanya mazoezi tambarare kwanza, polepole. Alisema hata lori jipya linataka kuzoeana na mtu. Kisha akapakia mbao, akaanza mlima, na hiyo ndiyo asubuhi niliyoisema. Alipanda kwa gia ya pili njia nzima, mdomo umebanwa. Kwenye kona zile alizokuwa anaangukia mtaroni alipita akiwapungia watu wa miavuli kwa mkono. Watu wa mchoro. Halafu akaegesha kileleni. Bandari ilikuwa inaonekana chini, upande wa pili.

Tulimzika siku iliyofuata. Watu walikuja. Wale waliokuwa wanavuka barabara lori lake likipita walikuja wakalia kwa sauti. Jirani aliyemwita Mama Jalala mbele ya wageni alisema marehemu alikuwa mtu safi. Nilitaka kutema mate. Nilimeza, kwa kuwa ni msiba. Waliacha vikombe na majani ya chai yaliyotafunwa, waliacha leso zenye kamasi kwenye viti vya kuazima. Koleo peke yake aliokota, hakuagizwa.

Shemeji alikuja ndani kunipa pole. Alikaa kitandani, upande wa dada yake. Leso haikuwepo.

"Shemeji," alisema, "tumepoteza."

"Ndiyo."

"Sasa ile kompyuta. Wewe si mtu wa michezo. Nimekuja na gari, naweza kuondoka nayo leo leo, ikupunguzie mawazo."

Udongo wa kaburi ulikuwa bado kwenye viatu vyake. Alikuwa ameukanyagia kwenye mkeka wangu. Nilimtazama nikahisi kile kinyaa cha ovaroli, cha mende, cha mjusi, kinapanda. Lakini ovaroli ukiifua ilikuwa inatakata. Wahenga walisema mtupa jongoo hutupa na mti wake. Huyu alimtupa jongoo miaka yote kwa ncha ya kidole, na leo amerudi kuuokota mti.

Kompyuta ilikuwa bado inanguruma. Tangu jana sikuigusa. Kioo kilikuwa kimejizima chenyewe, feni inazunguka taratibu bila mjusi. Koleo alipopita alisogeza kibodi, na kioo kikawaka. Lori liko kileleni. Mvua. Mbao zimefungwa kamba. Watu wamesimama na miavuli chini ya mbingu nyeupe.

Shemeji aliinama, akanyoosha mkono kwenye waya.

Sikumpiga. Mikono yangu haikutaka kumgusa. Nilichukua kijiti changu cha kuchovyea nguo, kile kile cha ovaroli ya kwanza, nikausogeza mkono wake pembeni. Aliruka kama aliyeungua. Akauliza nina wazimu gani, kompyuta ya jalalani, mtu mwenyewe ameshakwenda, inamngoja nani?

Nikamwambia alichoniambia dada yake mlangoni asubuhi ile, shingo imegeuka, koti halijafungwa vifungo:

"Usizime, Dobi. Nimeegesha tu. Kuna watu wanangoja mzigo."